Fomu ya tathmini kazini si ya kutia saini tu

Kila mwezi wa Juni, mwaka wa fedha wa serikali unapoyoyoma, watumishi wengi wa umma hujipata wakijaza fomu za tathmini ya utendakazi harakaharaka. Msimamizi huweka alama, mfanyakazi hutia saini bila kusoma, kisha karatasi hupelekwa masijala na kila mtu akarejelea shughuli zake.

Karatasi hiyo haifii huko. Hutolewa kabatini siku ya kupandishwa vyeo, na hutolewa pia siku ambayo mtu anakaribia kumwaga unga.

Desturi hii ilishika kasi nchini baada ya serikali kuanza kutia saini kandarasi za utendakazi na mashirika ya umma mnamo 2004. Walimu walioajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC) waliingizwa katika mfumo wao mwaka wa 2016, licha ya vyama vyao kulalamika kuwa uliwaongezea makaratasi. Hata hivyo, mfumo huo una jambo moja la kuigwa: mwalimu hujipima mwenyewe kwanza, akiwa na maazimio ya kazi na rekodi zake mkononi, ndipo akutane na anayemtathmini.

Wafanyakazi wengine huenda kwenye kikao mikono mitupu. Msimamizi naye ni binadamu. Hukumbuka kosa la Mei na kusahau jasho la Agosti iliyotangulia. Karani wa stoo aliyepunguza upotevu wa bidhaa miezi kumi iliyopita hana budi kuwa na tarehe na hesabu zake. Daftari la kawaida linatosha, mradi liandikwe kila wiki wala si usiku wa kuamkia kikao.

Malengo yenyewe yafaa kukaguliwa mwanzoni mwa mwaka. “Kuimarisha huduma” ni lengo lisilopimika, na lisilopimika humwachia msimamizi uhuru wa kutoa alama apendavyo. “Kujibu barua za wateja katika muda wa siku tatu” hupimika.

Uzito wa haya yote huonekana katika Sheria ya Ajira ya 2007. Kwa mujibu wa kifungu cha 41, mwajiri anayenuia kumpiga mtu kalamu kwa sababu ya utendakazi duni sharti kwanza amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na asikilize utetezi wao. Mahakama inayoshughulikia kesi za ajira na leba imeshikilia mara kadhaa kuwa mwajiri lazima aonyeshe alikuwa na vigezo vya kupima kazi, na kwamba alimpa mhusika nafasi ya kujirekebisha.

Hapo ndipo fomu hukata kuwili. Bila tathmini, mwajiri hana ushahidi wa kutosha. Lakini akiwa na fomu tatu zenye alama duni, zote zimetiwa saini na sehemu ya maoni ya mfanyakazi imeachwa tupu, mlalamishi atakuwa na kibarua kigumu kueleza kimya chake.

Asiyekubaliana na alama hana haja ya kufoka wala kususia saini. Aandike kwa utulivu katika nafasi aliyotengewa, kwa mfano: “Sikubaliani na alama ya ripoti za kila mwezi. Ripoti za Septemba na Oktoba zilichelewa kwa kuwa kompyuta ya idara ilikuwa imeharibika, na nilimwarifu msimamizi kwa barua.” Akiambiwa ni mzembe, aombe atajiwe kazi mahususi iliyoharibika. Penye upungufu wa kweli, akiri, na aombe mafunzo yanayohitajika yaandikwe katika fomu iyo hiyo. Yasipotolewa, mwaka unaofuata kutakuwa na la kuuliza.

Kisha aondoke na nakala, akaiweke nyumbani wala si katika dawati la ofisi. Kesi ya kuachishwa kazi isivyo haki yaweza kuwasilishwa ndani ya miaka mitatu, na anayefutwa ghafla mara nyingi haruhusiwi kurudi kufungua droo.