Wasomaji Wasiojulikana Watokako

Kila mtu anapofungua ukurasa wa tovuti, seva huandika mstari mmoja kwenye logi: anwani ya kifaa, saa, ukurasa ulioombwa, aina ya kivinjari. Ndani ya mstari huo imo nafasi ya refera, yaani anwani ya ukurasa ambako msomaji alibofya kiungo. Leo ukifungua logi ya tovuti ya habari inayosomwa zaidi kwa simu, mara nyingi nafasi hiyo utaikuta na kistari kitupu. Msomaji amefika, amesoma, ameondoka, na alikotoka hakujulikani.

Haikuwa hivyo zamani. Refera imo katika itifaki ya HTTP tangu toleo la 1.0, lililochapishwa Mei 1996, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa macho ya mwenye tovuti. Waliosoma blogu za Kiswahili kuelekea mwaka 2010 watavikumbuka visanduku vya Feedjit pembeni mwa ukurasa, vikitangaza kwamba msomaji wa mji fulani ametokea Google na mwingine ametokea kwenye blogu ya jirani. Mwanablogu aliweza kuona hata maneno ambayo mtu aliyatafuta kabla ya kumfikia. Akigundua kwamba wengi wanauliza namna ya kuomba pasipoti, aliandika kuhusu pasipoti. Akiona mwenzake anamletea wasomaji, alimrudishia fadhila kwa kiungo. Watu wasiowahi kuonana walifahamiana kwa njia hiyo, na nadhani hatujapima vya kutosha tulichopoteza pale.

Macho hayo yalififia kwa hatua. Oktoba 2011 Google ilianza kuficha maneno yaliyotafutwa na watu walioingia kwenye akaunti zao, na kufikia Septemba 2013 ikayaficha karibu yote. Mwaka 2020 kivinjari cha Chrome, toleo la 85, kikaacha kutuma anwani kamili kwa tovuti nyingine, kikawa kinataja jina la tovuti ya awali tu. Firefox ikafuata mwaka 2021. Mabadiliko haya yalipunguza habari bila kuifuta.

Kilichoifuta hasa ni programu za simu. Refera hutumwa pale kivinjari kinapohama kutoka ukurasa mmoja wa tovuti kwenda mwingine, na kundi la WhatsApp si ukurasa wa tovuti. Shangazi akibofya kiungo ndani ya kundi la ukoo, programu inakikabidhi kivinjari anwani ya kwenda, basi. Kivinjari hakina cha kutaja. Ndivyo ilivyo kwa SMS, kwa PDF iliyohifadhiwa kwenye simu, kwa msimbo wa QR uliobandikwa mlangoni mwa duka. Mwaka 2012 mwandishi Alexis Madrigal wa jarida la The Atlantic alikwisha kueleza kwamba sehemu kubwa ya watu wanaoletwa na kutumiana viungo haionekani kabisa kwenye vipimo. Mwaka 2023 kampuni ya SparkToro ilifanya jaribio la viungo na kukuta kwamba mibofyo yote kutoka WhatsApp, TikTok, Slack na Discord ilifika bila chanzo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako habari hutembea kundi hadi kundi, hilo si pengo dogo pembeni mwa ripoti.

Waliopunguza refera hawakukosea. Januari 2015 ilibainika kwamba tovuti ya serikali ya Marekani ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilikuwa ikiweka majibu ya watu ndani ya anwani za kurasa zake: umri, kipato, kama mtu anavuta sigara, kama ni mjamzito. Anwani hizo zilipelekwa kwa refera hadi kwenye kampuni za matangazo. Hakuna udadisi wa mhariri unaohalalisha jambo kama hilo.

Ninachokilalamikia ni namna pengo lenyewe linavyopewa jina. Google Analytics, programu ya kuhesabu wasomaji wa tovuti, ikikosa refera na alama nyingine yoyote, humhesabu msomaji kuwa amekuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani kwa mkono wake. Mhariri akisoma ripoti anaamini ana umati wa wasomaji waaminifu wa ukurasa wa mbele. Anatumia bajeti kuupamba ukurasa huo, na yule kijana aliyekuwa akisambaza habari kwenye makundi anaambiwa mkataba wake hautaongezwa.

Logi ikisomwa kwa makini inaonyesha zaidi ya hapo. Hakuna anayeandika kwa kidole anwani yenye herufi themanini, tarehe na vistari, kwa hiyo aliyetua kwenye ukurasa wa ndani namna hiyo huenda alipewa kiungo. Mtu anapobandika kiungo kwenye WhatsApp, simu yake huomba ukurasa ili kutengeneza picha na kichwa cha kuonyesha kundini, na ombi hilo hujitambulisha kwa jina la WhatsApp pale pa aina ya kivinjari. Ukiliona ombi kama hilo saa mbili usiku, kisha dakika chache baadaye yakafuata maombi kumi ya ukurasa uleule kutoka simu tofauti, yote yana kistari, una sababu nzuri ya kuamini umefika kwenye kundi. Kivinjari cha ndani ya programu ya Facebook nacho huacha herufi FBAN au FBAV. Ni dalili tu, ila zina ukweli kuliko neno “moja kwa moja”.

Wengi wamekimbilia alama za UTM, maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo ili kutaja kilikotoka, zilizotokana na programu ya Urchin ambayo Google iliinunua mwaka 2005. Zinasaidia, lakini alama husafiri na kiungo: kiungo kilichowekewa alama ya Facebook kikinakiliwa kwenda WhatsApp kitaendelea kudai kimetoka Facebook hata baada ya kupita makundi ishirini. Alama za Facebook na Google zinazomtambulisha mbofyaji, Apple ilianza kuzikata mwaka 2023 kwenye iOS 17, ndani ya Mail, Messages na hali ya faragha ya Safari.

Kuna kupotea kwa aina mbili hapa. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kati ya anayetuma na anayepokea, na siri hiyo ni haki yao. Ndani ya Facebook na Instagram hali ni nyingine, kwa sababu mmiliki anajua nani amebofya nini, na mwenye tovuti iliyobofywa ndiye anayebaki gizani. Giza hilo halimkingi msomaji dhidi ya aliye na habari zake nyingi zaidi.

Kwa tovuti ndogo, kilichobaki ni kuuliza. Swali moja mwishoni mwa makala, “Nani amekutumia habari hii?”, halitafidia logi. Ila watakaojibu watataja jina la mwalimu, la kundi la waliosoma pamoja, la msikiti au kwaya, mambo ambayo refera haikuwahi kuyajua hata enzi zake.