Mano Dayak na Safari ya Niamey

Tarehe 15 Desemba, 1995, ndege ndogo ilianguka katika milima ya Aïr, kaskazini ya Niger. Miongoni mwa waliokufa alikuwa Mano Dayak, kiongozi wa wapiganaji wa Kituaregi, aliyekuwa njiani kwenda mji mkuu, Niamey, kuzungumza na serikali juu ya amani.

Watuaregi ni wafugaji wa Sahara ambao mipaka ya wakoloni wa Kifaransa iliwagawa kati ya Niger, Mali, Algeria na nchi nyingine. Ukame wa miaka ya 1970 na 1980 uliangamiza mifugo yao, na vijana wengi wakakimbilia Libya na Algeria kutafuta kazi. Wakati huo huo, huko Arlit, katika ardhi ile ile ya malisho, madini ya urani yalichimbwa kuendesha mitambo ya umeme ya Ufaransa. Mfugaji hakuona faida yake. Kisha ikaja Mei 1990. Vijana walishambulia kituo cha askari huko Tchin-Tabaradene, na jeshi likalipiza kisasi kwa kuwaua raia. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo.

Dayak hakuwa mtu wa vita kwa kazi yake. Alizaliwa katika bonde la Tidene, akasoma Marekani na Paris, kisha akarudi Agadez kuongoza watalii jangwani. Alisaidia hata mashindano ya magari ya Paris–Dakar kuvuka jangwa la Ténéré. Hivyo alipata marafiki wengi wenye sauti huko Ufaransa, na mwaka 1992 alitoa kitabu kwa Kifaransa kueleza maafa ya watu wake. Wapinzani wake walimshutumu kuwa ni mtu wa Wafaransa. Shutuma hiyo si ya kupuuzwa, lakini bila marafiki hao ni nani ng'ambo angalisikia habari za Tchin-Tabaradene?

Makundi mengine yalipotia sahihi mkataba wa amani mwezi Aprili 1995, yeye alibaki nje, akiona kuwa haukutosha. Ndiyo sababu safari ile ya Desemba ilikuwa na uzito: aliyekataa alikuwa amekubali kurudi mezani.

Mwezi Septemba 2000, silaha za waasi zilichomwa moto hadharani mjini Agadez, na uwanja wa ndege wa mji huo ukaja kupewa jina lake. Mwaka 2007 bunduki zililia tena katika milima ya Aïr. Mapato ya urani yalikuwa miongoni mwa madai.