Makosa Yalivyonifunza Kufunga Pikipiki

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii nilikuwa nikiiandika katika insha zangu ili nipate alama tu. Maana yake niliijua likizo ya Desemba, mikono ikiwa imejaa oili.

Babu ana pikipiki kuukuu aina ya Honda C70. Ni ya ukoo wa Super Cub, ulioanza kuundwa Japani mwaka wa 1958. Kufikia 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100! Hiyo ya Babu ndiyo hupeleka maziwa sokoni kila alfajiri. Basi ikaanza kuvuja oili kwenye gasketi ya kichwa cha silinda. Nikajipiga kifua, "Babu, niachie mimi." Naye akanipa spana.

Kufungua kulikuwa rahisi kama kumenya ndizi. Nati na washa zote nikazitupa katika karai moja. Kumbe najichimbia kaburi!

Kosa la kwanza lilikuwa hilo la karai. Kichwa cha silinda hushikwa na nati nne, na oili hupanda kando ya bolti mojawapo. Hapo huwekwa washa ya shaba, kwa kuwa shaba ni laini, hubanwa ikaziba. Mimi niliweka ya chuma. Nilipomaliza, ile ya shaba ikabaki mkononi. Nikaitia mfukoni, nikajisemea, "Kitu kidogo hivi kitadhuru nini?"

Kosa la pili lilikuwa la cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, ikifungua na kufunga valvu kwa zamu. Mimi niliiruka jino moja tu. Valvu zikawa zinafunguka wakati usio wake. Nilipopiga kiki, pikipiki ikakohoa, ikalipuka kwenye ekzosi, kisha kimya. Oili nayo ikazidi kutiririka.

Kesho yake nilimwona Babu akisukuma baiskeli kupanda kilima, mtungi wa maziwa nyuma, jasho likimtoka. Alipofika sokoni, wanunuzi walikuwa wamekwenda. Maziwa yakachacha. Jioni nilishindwa kula. Nikaitoa ile washa mfukoni, nikamwambia yote.

Babu aliitazama, akacheka. "Mjukuu wangu, mashine haidanganyiki. Fungua tena."

Safari hii nilichora injini juu ya boksi, nikalitoboa, kila nati ikakaa katika tundu lake. Nililinganisha alama ya T kwenye gurudumu la sumaku na alama ya bodi, kisha alama ya gia ya kamshafti na ile ya kichwa cha silinda. Nati nilizikaza kwa kupishanisha pembe, kidogo kidogo. Kabla ya kupiga kiki, niliizungusha injini kwa mkono polepole, maana ikikwama hapo, ukilazimisha utapinda valvu. Haikukwama. Kiki ya tatu, ikanguruma!

Mwanafunzi mwenzangu, hata hesabu ikikataa, usiifute haraka. Rudi nyuma hatua kwa hatua utafute jino lililorukwa. Na ukibaki na washa mfukoni, iseme mapema. Mficha uchi hazai.