Gurudumu likinguruma, usiongeze sauti ya redio

Lamu mjini hatuna habari na beringi. Mitaa yetu ni myembamba, mizigo inabebwa na punda, na mji mkongwe wenyewe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Lakini panda boti uvuke hadi Mokowe, upande wa bara, utakuta maisha mengine. Huko kuna barabara, kuna malori, na kuna pikapu ya ami yangu.

Ami hubeba samaki kutoka Mokowe hadi Mpeketoni. Akirudi, huwa na mahindi, magunia ya mkaa na kina mama wawili watatu walioomba lifti. Wiki mbili nzima pikapu ilikuwa inanguruma mbele, mmmmm, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Ukiongeza mwendo, nayo inaongeza. Nikamwambia, "Ami, hiyo ni beringi." Akanijibu, "Ni matairi tu, mwanangu," kisha akaongeza sauti ya redio.

Wasee, hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Beringi ndiyo inayoliwezesha gurudumu kuzunguka bila kusuguana na chuma cha ekseli. Ikifa kabisa, gurudumu linaweza kukwama au kung'oka ukiwa mwendoni. Sasa piga picha kina mama wamekaa nyuma.

Utajuaje ni beringi?

Kwanza, sikiliza kwenye kona. Ukikata kushoto, uzito unaegemea gurudumu la kulia. Kelele ikizidi hapo, mshuku wa kwanza ni la kulia. Pili, nyanyua gari kwa jeki, shika tairi juu na chini, kisha litikise. Letu lilisema kataka, kataka. Halafu mtu akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukiisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, angalia viungo vya usukani na vya chini ya gari.

Nilimkalisha Ami akanyage breki. Kataka ikanyamaza. Naye akanyamaza.

Chumvi ndiyo adui

Maji yakipwa, pikapu huteremka hadi kwenye mchanga kupakia samaki. Haba imetoka safari, bado ina moto. Ikiguswa na maji ya bahari inapoa ghafla, hewa iliyo ndani inasinyaa, na kama sili imechoka, maji yanavutwa ndani. Chumvi inaingia kwenye grisi, kutu inaanza. Ongeza barafu ya samaki inayoyeyuka na kudondoka njia nzima. Beringi ya pwani haifi kwa uzee, inakufa kwa chumvi.

Tulivyofanya nyumbani

Pikapu ya Ami ni ya zamani, zile za beringi mbili kila gurudumu la mbele, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Gari lako likiwa la kisasa lenye haba iliyofungwa nzima, au beringi ya kushindiliwa kwa mashine, peleka gereji tu.

Tulilegeza nati za gurudumu tairi likiwa bado chini. Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukapiga jeki, tukaweka stendi za chuma chini ya chesisi. Jeki ni ya kunyanyua, si ya kuaminiwa. Kalipa ya breki tuliifunga juu kwa waya, maana ukiiacha ining'inie kwa mpira wake unaharibu breki. Kisha kofia ya vumbi, kotapini, nati, washa, na haba ikatoka.

Grisi ilikuwa ya kahawia kama chai ya maziwa. Roli za beringi zilikuwa na vishimo vishimo, kama uso wenye ndui. Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha nikapitisha ukucha kwenye ekseli kutafuta mikwaruzo. Alhamdulillahi, ilikuwa laini. Ingekuwa imekwaruzika au imegeuka bluu kwa joto, kazi ingeishia hapo tukaite fundi.

Usibadilishe roli peke yake ukaacha vikombe vya zamani ndani ya haba. Vitoe vyote kwa nyundo na patasi ya shaba, ugonge polepole ukizunguka. Beringi mpya ishindilie grisi kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili. Na sili weka mpya, usibanie hapo.

Sasa aibu yangu. Kufika kwenye nati, nilikaza kwa nguvu zangu zote. Gurudumu likagoma kuzunguka. Ami akacheka, "Huo si mtungi wa gesi, mwanangu." Unakaza huku unazungusha haba ili beringi zikae, kisha unalegeza, kisha unakaza tena kwa vidole tu. Tundu la kotapini lisipolingana, legeza kidogo, usikaze. Vipimo kamili viko kwenye kitabu cha gari lako.

Nilipoacha chuo, kila mtu aliniuliza, "Sasa utafanya nini?" Ami hakuuliza. Alisema, "Kesho njoo na nguo za zamani." Ndiyo maana sikutaka kumwacha na ile ngurumo.

Tuliendesha hadi Hindi, tukasimama, nikagusa haba zote mbili za mbele. Zilikuwa na uvuguvugu sawa. Ingekuwa moto wa kushindwa kushika, maana yake nimekaza mno. Baada ya siku chache tutanyanyua tena tutikise, kuhakikisha hakuna mchezo.

Tukiwa njiani kurudi Mokowe, nilinyoosha mkono niwashe redio. Ami akanizuia.

"Iache kwanza," akasema. "Nataka kusikia."