Uhakika wa wokovu: Chimbuko la amani ya moyo kwa walokole

MKRISTO anaposimama mbele ya waumini wenzake na kutamka "nimeokoka", hutumia kitenzi cha jambo lililokwisha kutendeka. Hasemi anatumaini kuokoka, wala kwamba ataokoka siku ya kiyama. Tofauti hiyo ya nyakati za kitenzi ilizua mabishano makali katika makanisa ya Afrika Mashariki.

Msamiati huo ulienezwa na Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930. Miongoni mwa vinara wake walikuwa daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi wa Uganda, waliokutana Kampala mwaka wa 1929. Wafuasi waliitwa balokole, yaani waliookolewa; neno la Kiganda lililozaa "walokole" katika Kiswahili. Mnamo 1937 ujumbe wao ulifika Kabete nchini Kenya.

Wakosoaji waliyaona madai hayo kuwa majivuno. Ni nani, waliuliza, ajuaye hukumu ya Mungu kabla ya kufa?

Swali hilo si geni. Mwaka wa 1547, Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki ulifundisha kwamba mwanadamu hawezi kujua bila shaka yoyote kuwa amepata neema ya Mungu. Martin Luther, kwa upande wake, alikuwa ameshikilia kuwa imani huitegemea ahadi ya Mungu, na ahadi hiyo haidanganyi.

Walokole waliegemea upande wa Luther. Walisema uhakika wao haukutokana na wema wao, bali na damu ya Kristo. Ndiyo sababu hawakuona aibu kuungama dhambi hadharani. Aliyeiba alitakiwa kurudisha, na aliyemkosea jirani alimwendea kuomba msamaha. Amani ya moyo ilikuwa utulivu wa mtu asiye na la kuficha.

Utulivu huo ulitiwa kwenye mizani baada ya hali ya hatari kutangazwa nchini Kenya mnamo Oktoba 20, 1952. Walokole wengi wa jamii ya Agikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema damu ya Kristo iliwatosha. Baadhi yao walikataa pia kubeba bunduki za serikali. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Kwa waliopigania ardhi na uhuru, kukataa huko kulifanana na usaliti. Kwa wakoloni, asiyeshika silaha alikuwa wa kushukiwa.

Nchini Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyelelewa kiroho na Uamsho huo, aliuawa Februari 16, 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu mwenzake, Festo Kivengere, alitorokea uhamishoni, na mwaka uo huo akachapisha kitabu kuhusu kumsamehe na kumpenda Amin.

Mifano hiyo yaonyesha kwamba amani inayozungumziwa si kukosa hofu, wala si kinga dhidi ya misiba. Ni imani kwamba jambo kuu limekwisha kuamuliwa, na kwa hivyo mtu aweza kupoteza mengine yote pasipo kupotea yeye mwenyewe. Aidha, haimwondolei muumini wajibu kwa jirani. Walokole wenyewe waliupima uhakika wa mtu kwa namna alivyolipa madeni yake.