Simu ya Bei Poa: Je, Ni Poa Kweli?

Msimu wa vitunguu ukikubali, Lumuma hela huonekana. Kijana aliyeshinda shambani siku za likizo, anang'oa na kujaza magunia, anarudi nyumbani na chake mfukoni. Na wauza simu wanaijua kalenda hiyo vizuri mno! Utawakuta gulioni: "Kaka, mzigo wa Kariakoo huu, bei ya leo tu."

Tulia kwanza. Unaitaka simu ya nini? Shuleni hairuhusiwi, kwa hiyo miezi mingi itakaa nyumbani. Kama ni kupiga, kutuma meseji na kusikiliza redio, kitochi kinatosha, na betri yake inakaa siku kadhaa. Simu ya kupangusa inataka bando, inataka chaji karibu kila siku, na kama kwenu hakuna umeme, kuchajisha ni hela. Wengine wangefaidika zaidi na taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu. Unasoma usiku bila moshi wa koroboi kifuani, na simu ya nyumbani inapata chaji.

Haya, umeamua ni simu. Adui wa kwanza ni feki. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu feki kwenye mitandao yake. Kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilifanya hivyo tarehe 16 Juni 2016. Waliokuwa nazo walibaki na kimeo mkononi, na hela haikurudi.

Kumbe kuichunguza hakuhitaji ufundi. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo ni kama kitambulisho cha simu. Iwe sawasawa na ile iliyo kwenye boksi na, kama betri inatoka, ile iliyobandikwa chini yake. Zikitofautiana, achana nayo. Wakati ule wa 2016 watu walielekezwa kutuma namba hiyo kwenda 15090, na jibu likawa linataja aina ya simu. Jibu likitaja simu nyingine kabisa, ujue unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukishaikagua, usiirudishe mkononi mwa muuzaji "akuwekee vizuri kwenye boksi". Kuna watu mjini wamefungua boksi nyumbani wakakuta kipande cha sabuni! Ya mkononi nayo, yaani iliyotumika, uliza risiti ya mwanzo. Ukinunua simu ya wizi, mwenyewe akiifuatilia atakayekutwa nayo ni wewe.

Betri ndiyo inayogusa afya moja kwa moja. Ndani yake kuna kemikali zinazoweza kuwaka zikipata joto kupita kiasi, na betri za bei chee mara nyingi hukosa kinga ya kuzuia hilo. Hata kampuni kubwa hupatwa: Agosti 2007 Nokia ilitangaza kubadilisha betri milioni 46 za BL-5C, zile zile unazoziona mpaka kwenye redio ndogo, kwa sababu zingine zilipata joto kali wakati wa kuchaji. Betri ikivimba, usiitoboe wala kuiweka juani, na usiichaji tena. Wala usilale na simu inayochaji chini ya mto.

Risiti dai, hata kama muuzaji ananuna. Iwe na tarehe, aina ya simu na IMEI. Ukinunua mbali, uliza kabisa: ikiharibika wiki ijayo, nauli ya kuirudisha ni ya nani? Kutoka Lumuma nauli hiyo si mchezo, na wakati mwingine duka la karibu lenye bei ya juu kidogo ndilo rahisi.

Kuna simu nyingine haina risiti kabisa: ile dada anayopewa "zawadi" na mtu mzima. Leo simu, kesho vocha, keshokutwa anadai chake, na kondomu hataki kuisikia. Mimba, Ukimwi na kuacha shule vyote vimo kwenye bei hiyo. Tangu mwaka 2016 sheria inasema anayempa mwanafunzi mimba anakwenda jela miaka 30, lakini hiyo haikurudishii afya yako. Kama umeshaipokea na sasa anakusumbua, hudaiwi kitu. Mwambie mama, shangazi au mwalimu wa malezi unayemwamini. Ukiona aibu kuongea na mtu wa kijijini, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikatwi hela.