Nauli Tatu za Mtoto Mmoja

Katika karatasi ya kuombea masurufu niliyoonyeshwa na afisa mmoja wa ustawi wa jamii huko Lindi, hapakuwa na jambo lililonishughulisha kama hesabu ya nauli: mtoto mmoja, tiketi tatu. Kwani mtoto aliyeamriwa na mahakama kupelekwa Shule ya Maadilisho Irambo, iliyoko Mbeya na ambayo ndiyo ya pekee Tanzania Bara, hasafiri ila kwa kusindikizwa, na msindikizaji, akishamkabidhi, sharti arejee. Siku ya kumrudisha mtoto kwao, nauli ni tatu nyingine.

Afisa huyo, bibi ambaye watoto humwita Shangazi, alinitajia njia kituo kwa kituo: Masasi, Tunduru, Songea, kisha Njombe hadi Makambako, ndipo iingiwe barabara kuu ya Mbeya. Humo mna kulala na kula, na Njombe mna baridi ambayo mtoto wa pwani, aliyetoka kwao na fulana moja, hajapata kuionja. Sweta halimo katika masurufu. Shangazi hulinunua stendi, la mtumba, kwa fedha zake mwenyewe, akichagua lililompita mtoto kidogo kimo kwa kuwa huko aendako atakua. Humkunjia mikono ya sweta, humfungia vifungo mpaka shingoni, na aghalabu, aliniambia, hapo ndipo mtoto aliyenyamaza tangu Lindi huanza kusema.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imekataza mtoto mkosaji kuhukumiwa kifungo, badala yake aweza kupelekwa shule hiyo, nayo ni sheria ya rehema. Lakini masurufu yakichelewa, asema Shangazi, amri ya hakimu hulala jaladani, na mtoto akakaa mahabusu kungojea basi.

Linalomsononesha zaidi ni kadhia ya wazazi. Fungu la mzazi kwenda kumjulia hali mwanawe halimo popote katika karatasi ile. Mama auzaye samaki wa kukaanga atapata wapi nauli ya kwenda na kurudi, na siku zote hizo wadogo waliobaki nyumbani watakula nini? Na hakimu ajuaye kwamba fungu limekwisha, huyapima maslahi ya mtoto peke yake, au huupima na mwendo wa kufika Mbeya? Nilimwuliza Shangazi. Alifunga jalada, akasema hilo niwaendee mahakimu.